Ndoo Nyekundu ya Juu ya Ngazi

Changamwe, 8 Machi 1942

Shangazi yangu mpenzi Bi. Mwanatatu,

Shikamoo. Naiweka mwanzo kabisa, usije ukasema nimeisahau kama mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Mama yuko Likoni, kikohozi chake kimepungua, na nazi ulizoagiza zingali uani, maana kupata mtu wa kuzileta Tanga wakati huu wa vita ni shida tupu. Dada Mwanasaumu amejifungua mtoto mwanamke, na maskini kachukua pua ya marehemu baba yangu. Mimi posa yangu imekubaliwa, harusi ni Shaabani, inshallah.

Najua jina la mkwe wangu hulipendi. Lakini shangazi, ninayemuoa ni Dhahabu, simuoi Mzee Mwinyihaji, na yale ya kuachana kwenu yalikuwa kabla Dhahabu hajazaliwa na mamake, Mungu amrehemu. Tena mzee mwenyewe ndiye karani mkuu wa afisi yetu, namwona kila siku, nitamkimbia wapi?

Sasa nikueleze jambo linaloniumiza kichwa. Afisi yetu iko ghorofani, juu ya ghala la magunia. Tangu vita vije tumeletewa ndoo nyekundu, nyingine za maji, nyingine za mchanga, ili bomu likileta moto tuuzime. Moja ya maji imewekwa juu ya ngazi, pale pale zinapoanza kushuka. Mfereji wa maji ya kutawadhia uko chini, nyuma ya ghala. Basi Adhuhuri ikifika Mzee Mwinyihaji hutawadha kwa maji ya ndoo ile. Karani mkuu akitawadha pale, sisi tutawadhe wapi? Sote tukamfuata. Sakafu ni ya simiti, Boga tarishi huipaka nta kila Jumamosi. Juzi Ngala, yule kijana wa Rabai anayepiga mashine ya chapa, kateleza pale akavunjika kifundo cha mkono.

Bwana Mkubwa, yule Mzungu wetu, akatoka chumbani kwake mwekundu kuliko ndoo. Akanyoosha kidole akasema, "Faki, tangu leo wewe ndiye mtu wa usalama." Nikamwuliza hiyo ni kazi gani. Akasema ni kuangalia mtu asiumie. Mwezi wa saba ukiisha na watu wangali wanaumia, nitafute kazi kwingine. Nadhani alinichagua kwa kuwa Ngala alipoanguka nilikuwa wa kwanza kucheka.

Bila kazi hakuna harusi, shangazi. Na maji ni ya mkwe wangu. Nimwendee nimwambie, "Mzee, usitawadhe hapa"? Kwa mdomo gani? Nishauri.

Mwanao,
Faki


Tanga, 1 Aprili 1942

Faki mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika imepasuliwa na kubandikwa upya na watu wa serikali, kwa hiyo wao nao sasa wanajua kuhusu pua ya mtoto wa Mwanasaumu. Mpe pongezi, mwambie pua hupungua mtu akikua. Goti langu lile lile. Mchele huku tunapimiwa kama dawa. Mwanangu Bakari kapata kazi ya kuhesabu katani bandarini, anarudi jioni hasemi neno kwa kuchoka.

Mtu wa usalama! Wewe uliyevunja kioo cha taa ya mama yako, ukapewa kingine, ukakivunja njiani! Haya, nimecheka, yamekwisha. Boga mkataze nta. Ngala mwambie avae viatu vyenye soli ya mpira, si vile vya kanisani. Karatasi zisitupwe karibu na stovu ya chai. Kazi yako hiyo haishindi ya mwanamke mwenye watoto watatu na meko ya kuni, na hakuna aliyewahi kutuita watu wa usalama.

Kuhusu huyo mtu mwingine sina neno. Siku nilipotoka nyumba ile nilifunga mdomo, na sitaufungua kwa sababu ya ndoo. Wewe mwache atawadhe pale anapotawadha.

Siku hizi anasoma barua za afisi mwenyewe, au anasomewa? Usinijibu. Nimeuliza tu.

Shangazi yako,
Mwanatatu


Changamwe, 26 Aprili 1942

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole ya goti. Mama anakusalimu sana. Mtoto wa Mwanasaumu keshapewa jina, ameitwa Mwanatatu, wewe. Mama alisema lazima jina libaki nyumbani hata kama mwenyewe amehamia Tanga.

Umeniuliza kitu ukasema nisijibu. Sasa nijibu au nisijibu? Kwani kuna nini? Mzee anasomewa, ndiyo. Anasema mkubwa wa kazi hasomi, anasikiliza. Tumezoea.

Shangazi, wallahi nimechanganyikiwa. Nimefanya kazi yangu kama nilivyoamrishwa. Nta nimeipiga marufuku. Kabati la majalada lililokuwa limeziba njia nimelisukuma ukuta wa pili. Meza nilizigeuza zote zielekee dirishani, ingawa madirisha yenyewe yamebandikwa karatasi nyeusi kwa amri ya kuficha taa wakati wa vita, na mchana tunaonana kwa taabu. Stovu ya chai nimeitoa kwenye kona ya karatasi. Kisahani cha majivu ya sigara nimekihamisha mbali na kikapu cha taka. Ndoo zote nimezitundika kwenye kulabu mwisho wa ujia, isipokuwa ile ya juu ya ngazi. Ile sijathubutu. Mtu mwingine yeyote akiingia anasema afisi imependeza.

Na ndipo ajali zilipoanza! Wiki ile ile mzee kajigonga paja kwenye pembe ya meza. Kesho yake katumbukiza mkono kwenye birika la moto, akasema alikuwa anafikiria mambo. Kisha kazima sigara yake ndani ya kikapu cha karatasi, moto ukawaka, Boga akamwagia ndoo nzima ya mchanga na mchanga ukaingia kwenye mashine ya Ngala. Ngala haumii, Boga haumii, mimi siumii. Ni mzee peke yake, tena mahali ambapo zamani hakuna kilichomgusa. Bwana Mkubwa ananiuliza, "Faki, unafanya usalama au unafanya vita?"

Boga anasema nimemhamisha jini aliyekuwa amekaa nyuma ya kabati, anataka tufukize ubani. Wengine wanasema chini chini kwamba natega mitego nimwangushe mkwe niketi kwenye kiti chake. Mzee mwenyewe hakunigombeza. Alisema neno moja tu, "Faki, afisi hii umenifanyia kama nyumba ya watu." Sikulielewa.

La kunifariji ni moja. Dhahabu kila asubuhi anamsindikiza babake mpaka mlango wa ghala, na jioni anamngoja pale pale na buibui lake. Hasemi nami, adabu yake hairuhusu, lakini najua anakuja kuniona mimi. Nikikumbuka hilo hata jini la Boga naliona si kitu.

Mwanao,
Faki


Tanga, 19 Mei 1942

Faki,

Marahaba. Barua yako ilikaa njiani mno. Hatujambo. Kwa hilo jina mama yako amenitoa machozi, mwambie hivyo hivyo, nimelia na nimefurahi.

Lakini wewe, mwanangu, umevimba kichwa. Msichana aliyeposwa hasimami mlangoni mwa afisi kumwangalia mchumba wake kila siku asubuhi na jioni, mbele ya makuli. Dhahabu ana kazi nyingine pale. Mwangalie mkono wake.

Nijibu haya, na safari hii nijibu kweli. Huyo mzee akipita ujiani, anagusa ukuta kwa mgongo wa mkono? Akitaka kuketi, anakitafuta kiti kwa goti kwanza? Ukimsalimu bila kutaja jina lako, anakawia kidogo kabla ya kuitika? Kikombe anakishika mwenyewe, au anangoja mtu akiweke karibu na kidole chake?

Usiniulize kwa nini. Nilikula kiapo kwa mtu ambaye sasa yuko kaburini, na usiku silali nikifikiria. Jibu upesi.

Mwanatatu


Changamwe, 9 Juni 1942

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima, mtoto amepata homa akapona. Naandika haraka, Boga anapeleka barua posta sasa hivi.

Majibu yako ni haya: ndiyo, ndiyo, ndiyo na ndiyo. Ukuta anaugusa kwa mgongo wa mkono, nilidhani ni madaha ya wazee wa Mombasa. Kiti anakigonga kwa goti. Salamu anakawia. Kikombe tunamwekea. Umeyajuaje yote hayo nawe uko Tanga? Au na wewe waamini jini? Nimeogopa kumwonyesha mama barua yako.

Mkono wa Dhahabu nimeuangalia. Umeshika mkono wa babake. Mtoto kumshika babake kuna ajabu gani?

Shangazi, nimekusudia kumaliza jambo hili. Ijumaa hii Bwana Mkubwa analeta mtu wa serikali kukagua mambo ya moto na usalama. Akiikuta ile ndoo juu ya ngazi, na maji yametapakaa, mimi nimekwisha. Kwa hiyo Alhamisi jioni, watu wakishatoka, nitaiondoa niitundike na wenzake mwisho wa ujia. Mzee sitamwambia, nitaona haya. Ataiona mwenyewe ilikotundikwa.

Niombee dua.

Faki


Tanga, 21 Juni 1942

Faki mwanangu,

Sina salamu leo. Marahaba ukiitaka, hiyo.

Irudishe ndoo. Kama umeiondoa, irudishe leo hii, kabla hujamaliza kusoma barua. Mwinyihaji haoni.

Ndoo ile ndiyo inayomwambia ngazi zimeanzia wapi. Mguu wake ukiigusa anajua ashike ukuta na ashuke. Kabati lilimwambia ageuke, pembe ya meza ilimwambia kiti kiko wapi. Afisi nzima ameijua miaka yote hiyo kwa mwili wake, ukaja wewe ukaipanga upya.

Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Nilipoolewa pale nilimkuta anapika, anafagia, anatoka uani anarudi, hakuna mgeni aliyejua kwamba haoni. Mimi nilijua siku nilipohamisha mtungi wa maji ili nifagie vizuri, akaukosa akaanguka nao. Aliniapisha msahafu nisimwambie mtu. Alisema macho ya ukoo wao hufa yakifika umri fulani, na habari ikitoka binti zao hawataolewa. Nikaapa. Hata Mwinyihaji aliponiacha kwa maneno ya watu sikusema, ingawa ulimi uliniwasha.

Sasa nimesema, na nitafunga siku tatu kafara ya kiapo changu. Nilichelewa, Faki. Barua yako ya mwezi wa nne ilinitosha kujua, nami nikakaa nikikuuliza maswali kama hakimu.

Tena na wewe fikiria. Dhahabu ni wa ukoo huo. Sikwambii umuoe wala usimuoe. Nimekuambia tu usije ukasema shangazi alinificha.

Mwanatatu


Changamwe, 2 Agosti 1942

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, mara nyingi. Mama hajambo, mtoto anacheka, na pua imeanza kupungua kama ulivyosema.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini mwezi uliopita, imebandikwa pande zote mbili. Mzee alikuwa keshaanguka zamani. Ilikuwa ile ile Ijumaa. Adhana ilipokaribia alitoka chumbani kwake, mgongo wa mkono ukutani, na mimi nilikuwa nimesimama na mgeni wa serikali namwonyesha kulabu zangu, nimejaa furaha. Nikamwona mzee ananyoosha mguu polepole, anatafuta kitu. Nilidhani anaikagua sakafu. Akasogea tena, akanyoosha mguu, na safari hii hapakuwa na sakafu.

Alivunjika mkono wa kushoto, kifundo cha mguu kikateguka. Hakupiga kelele. Alipofika chini aliuliza tu, "Ndoo iko wapi?" Watu wote wakanigeukia mimi.

Sitaki kukueleza wiki zile. Kwa ufupi, ndugu wa Mzee Mwinyihaji alikuja Likoni akamwambia mama kwamba posa itazamwe upya, hawamwozi binti yao kwa mtu anayemwangusha mkwe. Mama alilia siku nzima. Bwana Mkubwa akaniambia ningoje mwezi uishe. Nilikuwa naingia afisini sijui nimekosa nini. Nilikuwa nimefuata usalama hatua kwa hatua, na usalama umemvunja mtu mkono!

Ndipo ikaja barua yako. Niliisoma nimesimama uani kwangu, nikakaa chini mchangani. Shangazi, niliona haya. Miaka miwili namsomea barua mzee yule, na sikuwahi hata kumtazama macho.

Kwa Bwana Mkubwa sikusema kitu. Siri si yangu. Nilimwomba ruhusa moja tu, nipange afisi mara ya mwisho. Nikawaita Boga na Ngala, tukarudisha kila kitu kilipokuwa. Kabati likarudi njiani. Meza zikageuka. Stovu ikarudi konani, na safari hii karatasi ndizo zilizohama. Kisahani cha majivu kikarudi, kikapu kikawekwa mbali. Ngala alidhani nimerukwa na akili, lakini alisukuma, ingawa mkono wake haujapata nguvu. Ndoo nyekundu nikaiweka juu ya ngazi, pale pale, alama yake ilikuwa ingali kwenye simiti. Chini yake nikatandika gunia nene la kunywa maji. Na kutoka mlango wa mzee mpaka chini ya ngazi nikafunga kamba ukutani, usawa wa kiuno. Boga akauliza kamba ya nini. Nikamwambia ni amri ya mtu wa usalama.

Jumatano iliyopita mzee akarudi, mkono umefungwa kifuani. Dhahabu alimwacha mlangoni mwa ghala. Kwa mara ya kwanza nilimtazama nikijua anafanya nini pale, na nikampenda zaidi. Mzee akapanda. Mkono wake mzima ukaikuta kamba, ukasimama kidogo, ukaendelea. Alipofika juu mguu wake ukagusa ndoo. Akaigonga tena kwa kidole cha mguu.

"Nani ameirudisha?"

"Ni mimi, mzee. Faki."

"Nani alikwambia?"

Sikuweza kusema uwongo, na kweli sikutumwa kuisema. Naye hakunikazania. Aliinama akatawadha kwa mkono mmoja, mimi nikimmiminia, na gunia likanywa maji yote. Alipomaliza akajipangusa uso, akageukia upande wangu, siyo hasa nilipokuwa, kando kidogo.

"Mwanatatu hajambo?"

Nilisema, "Hajambo, yuko Tanga." Akatikisa kichwa, akaenda moja kwa moja chumbani kwa Bwana Mkubwa, akafunga mlango.

Alimwambia mwenyewe. Alisema, "Nilianguka kwa sababu sioni. Faki hana kosa." Ngala alisikia kwa kuwa meza yake iko karibu na mlango. Bwana Mkubwa hakumfukuza siku ile. Atakaa mpaka mwisho wa mwaka anifundishe kazi, maana hesabu zote za ghala amezishika kichwani, kisha atapumzika nyumbani. Mimi nimebaki kazini. Jioni akamwita ndugu yake akamwambia maneno yale yale, mbele yangu na mbele ya mama. Dhahabu alikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia analia.

Kisha mzee akaniambia, "Sasa umejua. Ukitaka kurudi nyuma, rudi, sitakulaumu." Nilimjibu kwamba harusi ni Shaabani kama tulivyosema. Na wewe nakujibu vivyo hivyo. Nimefikiria, shangazi. Nyumba yangu nitaipanga mara moja tu, siku atakayoingia Dhahabu, na baada ya hapo sitahamisha hata kigoda.

Limebaki jambo moja. Kila asubuhi, nikishamsalimu na kutaja jina langu, mzee ananiuliza tena kama hujambo, na mimi kila asubuhi namjibu neno moja. Nahisi halimtoshi. Nimwambie nini?

Mwanao,
Faki


Tanga, 15 Agosti 1942

Faki mwanangu,

Marahaba. Hatujambo wote. Kafara yangu nimeifunga, imekwisha.

Usimwambie kitu. Nikiandika atasomewa, na maneno haya sitaki yapite kinywani mwa mtu mwingine, hata chako. Nakuja harusini. Bakari ameomba ruhusa atanileta, goti na liume litakavyo. Nazi zangu zikae, nitazila huko huko.

Siku nitakayofika Likoni unipeleke kwake wewe mwenyewe. Dhahabu mwambie asinitangulie kunitaja, na viti visisogezwe. Nitasimama mlangoni nibishe hodi tu. Sauti yangu haijabadilika.

Shangazi yako,
Mwanatatu